Sweta la Zambarau

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba na haujakua tangu nilipotoka shule, na kuna maneno nayaandika kwa kubahatisha. Naandika polepole, nafuta, naanza tena. Ukikuta nimekosea, rekebisha moyoni uendelee kusoma. Nina miaka ishirini na sita, sijafika umri wa kumwita mtu mwanangu. Basi nitakuita mdogo wangu.

Mdogo wangu, katika siku zangu zote za hapa Guangzhou iko moja ambayo hainitoki. Ilikuwa asubuhi, mvua nyembamba inanyesha, nasi tulikuwa watatu mbele ya geti la nyumba ya kutunzia wazee: mimi, baba mdogo, na mama yake baba mdogo, ambaye namwita Bibi. Baba mdogo ni Mchina wa hapa hapa. Alimwoa mama mdogo wangu wakati mama mdogo alipokuwa akija kununua vitambaa soko la Zhongda, na mimi nililetwa kutoka Singida kuwasaidia dukani.

Bibi alikuwa mshonaji wa kiwandani tangu usichana wake. Akili ilipoanza kumtoka, ilitoka kidogo kidogo. Yalianza kupotea majina ya majirani, ikafuata njia ya sokoni, mwisho likapotea jina la mwanawe. Vidole tu havikusahau kitu. Ukikaa karibu naye atashika pindo la nguo yako, atalisugua, atatikisa kichwa kama mshono ni mbaya. Mimi aliniita Amui, kwa Kikantoni chao ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa na mdogo wake aliyefariki zamani. Baba mdogo alicheka siku ya kwanza, akamwuliza mama yake kama kweli mdogo wake alikuwa mweusi hivi. Bibi akamjibu bila kuinua macho, "Alikuwa hasikii. Anashinda juani."

Mara mbili Bibi alitoka nyumbani akapotea. Mara ya pili tulimkuta amesimama ndani ya duka la mtu, anakunja vitambaa visivyo vyake, miguu imevimba. Mama mdogo alikuwa Dar kupokea mzigo, mimi na baba mdogo tunashinda kazini. Kwa hiyo tukaanza kutafuta mahali pa kumweka, na mahali pa kwanza tulipopata ni hapo.

Hapa nisimame kidogo nikueleze jambo la kazi yetu, maana kosa langu limo humo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Haji, Mzanzibari aliyekaa hapa miaka mingi, anayekagua mizigo ya wenzake kabla haijafungwa. Alinifundisha kwamba jora la kitambaa huonyeshwa mita mbili za juu, na mita mbili za juu siku zote ni nzuri. Madoa, viungo na matundu yamo ndani. Kwa hiyo hununui mpaka ulifungue jora lote, ufike kwenye bomba la karatasi lililo katikati. Mwenye duka atanuna, atasema unamchafulia duka. Wewe fungua tu. Mimi mwenye haya, nisiyeweza hata kuomba maji kwa mtu, kwenye jora nilikuwa sina haya hata chembe.

Tukaingia ile nyumba. Msimamizi alikuwa mama mmoja nadhifu, sauti ya chini, na sisi tukamwita laoban kama tunavyowaita wenye maduka wote. Alikuwa anatungoja, maana tulipiga simu kwanza. Kuta nyeupe, sakafu inang'aa, saa za ukutani zote zimesimama saa tatu na robo. Hakukuwa na harufu ya kitu chochote. Mdogo wangu, umewahi kuingia nyumba ya watu isiyo na harufu? Hata ya chakula, hata ya mkojo, hata ya sabuni.

Ghorofa ya pili akatuonyesha chumba. Kitanda kimetandikwa, dirisha lina ua, na bibi kizee mmoja aliyevaa sweta la zambarau amekaa kitandani anatabasamu. Baba mdogo akamsalimia, naye akatabasamu vilevile. Baba mdogo akakagua choo, vyuma vya kushikia, kengele ya kuitia wahudumu. Mimi nikatazama chini, kama kawaida yangu mbele ya wageni. Nikaona soksi za yule bibi. Moja nyeupe, moja ya kijivu iliyotiwa viraka kisiginoni kwa uzi mwekundu.

Tukashuka chumba cha kulia, laoban akituzungusha taratibu, anatueleza habari za supu. Walikuwapo wazee sita, wote wameelekea ukuta. Mmoja amejifunika shuka mabegani, bakuli mbele yake halina kitu, kijiko kinakwenda mdomoni na kurudi. Nikatazama chini. Soksi nyeupe, soksi ya kijivu, uzi mwekundu.

Tukapelekwa chumba cha mazoezi. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshika mpira magotini, anatabasamu. Sikutaka kutazama miguu yake. Nikatazama. Alikuwa yeye tena, na safari hii alikuwa anahema kwa kukimbizwa ngazi.

Juu yetu, darini, kulikuwa na sauti ya ndara zinazoburutwa, nyingi pamoja. Zinakwenda upande mmoja, zinatulia, zinarudi. Kwenye lifti niliona kitufe cha juu kabisa kimebandikwa plasta nyeupe. Baba mdogo naye alizisikia zile ndara, akauliza huko juu kuna nini.

"Meiyou," alisema laoban. Hakuna. Neno lile lile wanalotujibu dukani tukiulizia rangi ambayo tunaiona rafuni nyuma yao.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Nikawaza, mimi ni nani, mgeni, Kichina changu cha sokoni, darasa la saba, nimfundishe baba mdogo kuhusu mama yake? Baba mdogo alikuwa amechoka, macho mekundu, na alitaka sana pawe mahali pazuri. Nikanyamaza. Tukamwacha Bibi siku ile ile, wiki moja ya majaribio, na tukaambiwa tusiende kumwona siku hizo saba ili azoee. Tulipokuwa tunatoka, Bibi alikamata pindo la gauni langu. Mhudumu akamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole kabisa, huku ananitabasamia.

Siku nne nilifanya kazi kama mtu anayeumwa. Siku ya tano Mzee Haji alinikuta nimefungua jora moja mara tatu, akaniuliza nimepoteza nini humo ndani. Nikamwambia yote, soksi, ndara, plasta. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mkasi. Hakufoka. Heri angefoka.

"Mwanangu," alisema, "kitambaa cha mtu baki unakifungua mpaka bomba. Mama wa watu umemnunua kwa mita mbili za juu?"

Nikamwambia niliona haya.

"Haya yako inalala wapi sasa hivi? Inalala kwako, kitandani. Na yeye analala wapi, unajua?"

Sikujua. Ndilo lililoniumiza, kwamba sikujua. Baba mdogo siku ile alikuwa Foshan kufuata mzigo. Nilimpigia simu nikamweleza habari za soksi, nikalia, naye akasema nitangulie, anakuja.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa getini, bila kupiga simu. Mlinzi alinikatalia. Lakini gari likaja na familia ya watu wengine, baba mmoja na mkewe na mama yao mzee, waliokuja kukagua kama tulivyokagua sisi. Geti likafunguliwa kwa ajili yao, na mimi nikaingia nyuma yao nimeinamisha kichwa, kama mtumishi wao. Haya yangu ikanisaidia mara moja hiyo.

Sauti ya chini ile ile. Maneno yale yale. Saa zote bado saa tatu na robo. Tukapanda ghorofa ya pili, laoban akafungua mlango wa chumba chenye dirisha na ua, akasema huyu amekuwa nasi siku nyingi na anapapenda sana.

Kitandani, ndani ya sweta la zambarau, alikuwa amekaa Bibi yangu.

Nywele zimechanwa vizuri. Mikono imewekwa magotini. Alitabasamu kwa yule baba, akatabasamu kwa mkewe, kisha akatabasamu kwangu, sawasawa, kama taa iliyowashwa. Hakunijua. Kwa siku tano tu walikuwa wamemfundisha kitu kimoja, na yeye asiyeweza kujifunza kitu alikuwa amekijifunza.

Nilisogea. Laoban aliniona sasa, uso wake haukubadilika. Nikaketi kando ya kitanda, pindo la gauni langu likagusa mkono wa Bibi. Vidole vyake vikatambaa, vikalishika, vikalisugua. Tabasamu likazimika. Akanitazama kwa hasira kidogo, kama mtu aliyengojeshwa.

"Amui," alisema. "Mshono wako umefumuka."

Basi nikazungumza, mdogo wangu. Sikupiga kelele. Kichina changu kilikuwa kibovu na machozi yalinitoka, lakini nilimtazama yule baba mgeni machoni, mimi nisiyetazama watu machoni, nikamwambia, "Huyu ni bibi yangu. Amefika hapa Jumanne hii. Tafadhali, waombe wakuonyeshe huko juu."

Laoban akasema meiyou. Darini ndara zikaanza kutembea. Sote tulizisikia, na mama mzee wa wale wageni akakamata mkono wa mwanawe akasema anataka kwenda nyumbani. Yule baba aliingia kwenye lifti, mimi nyuma yake, akabandua plasta kwa ukucha, akabonyeza.

Sitakueleza mengi ya huko juu. Hakukuwa na damu wala vipigo. Ulikuwa ukumbi mrefu, madirisha yamepakwa rangi nyeupe, na wazee wengi kuliko nilivyoweza kuwahesabu wanatembea kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, wanageuka, wanarudi. Hakuna aliyezungumza. Harufu yote iliyokosekana chini ilikuwa huko. Yule bibi wa soksi alikuwa miongoni mwao, mwembamba bila sweta. Alipotuona aliacha kutembea, akasimama wima, akaanza kutabasamu.

Baba mdogo alifika mchana. Alipitishwa na yule baba mgeni, aliyekuwa amekaa getini akikataa kuondoka. Tulitoka na Bibi kama alivyo, na nyumbani ndipo tulipogundua bado amevaa sweta la watu. Alikaa karibu na dirisha, akalivua, akageuza kola. Kulikuwa na utepe mweupe umeshonwa kwa ndani wenye jina, kama wanavyoandika nguo za wazee. Bibi hakupenda ule mshono. Akaanza kuufumua kwa kucha.

Chini ya utepe ule kulikuwa na utepe mwingine. Chini ya ule mwingine kulikuwa na wa tatu, uzi wake umeshageuka njano.

Mimi sijui kusoma herufi zao. Nilimpelekea baba mdogo. Alisoma wa juu, akakaa chini. Lilikuwa jina la mama yake, limeshonwa kwa uzi mpya.

Yale majina mengine mawili aliyapeleka ofisi ya serikali ya mtaa, na watu wakaenda kukagua. Tuliambiwa kwamba jina la pili ni la bibi wa soksi, na binti yake alikuja kutoka mkoa mwingine kumchukua. Jina la tatu hakuna aliyelijia. Ule utepe wa njano ninao mimi. Siwezi kuutupa.

Sasa Bibi anakaa nyumba ndogo, juu ya barabara ya soko la mboga. Ina kelele. Ina harufu. Siku ya kwanza tulifika saa ya chakula bila kusema, tukamkuta mhudumu anabishana na babu mmoja anayedai uji wake ni wa jana. Nikamwomba anifungulie kila mlango, naye akaniambia nijifungulie mwenyewe, mikono yake imejaa uji. Bibi hupewa taulo za nyumba nzima azikunje. Naenda siku tofauti, saa tofauti.

Kwa hiyo shika haya, mdogo wangu, ewe uliye huku au uliye nyumbani na mzee wako ameanza kusahau. Usikague nyumba yoyote siku waliyokungoja. Nenda tena wasipokungoja. Kunusa ni bora kuliko kutazama kuta. Tazama miguu ya waliomo, na uulize habari za kila mlango uliofungwa, na ukijibiwa hakuna, usiondoke. Usimwache mzee wako siku ile ile kwa sababu umechoka. Na kama umeona jambo na wewe ndiye mdogo kuliko wote chumbani, liseme hapo hapo hata kwa sauti ndogo. Mzee aliyesahau hawezi kujisemea. Anasema kwa mdomo wako au hasemi kabisa. Mimi nilimnyima mdomo siku tano.

Mungu akupe macho, akupe na sauti ya kusema uliyoyaona. Awape wazee wako watu wanaowajua kwa majina yao hadi siku ya mwisho, na wewe ukizeeka, akupe mtu ambaye utashika pindo lake.

Naomba mniandikie. Msiogope mwandiko, mmeuona wangu. Nielezeni wazee wenu wako wapi na wanatunzwaje, na kila barua ianze na jina la mzee mwenyewe, kamili, nami nitalisoma kwa sauti.