Dawa Ilisema Safi, Mimi Nikakataa

Ninyi vijana mtakaosoma haya mna haraka ya kubonyeza "ndiyo". Mimi niliishia darasa la nne, lakini neno "hapana" nalijua, na siku niliyolisema sikumwomba mtu radhi.

Mwanangu ana duka la steshenari Kahama. Wachimbaji wakitoka Bugarama huja na flash zao kujaza nyimbo, wengine kuchapisha barua za kuomba kazi. Ndani ya kompyuta ya duka alikuwemo marehemu mume wangu. Sauti yake tu: anawaimbisha walimaji shambani, halafu anakohoa, halafu ananigombeza kwamba maji yamechelewa. Mjukuu wangu alimrekodi kwa simu, akamhamishia kwenye kompyuta. Simu yenyewe ikaibiwa stendi. Sauti nyingine hatuna.

Basi flash ya mteja, hata hatukujua yupi, ikaleta virusi. Kila folda ikageuka kipicha chenye mshale mdogo; ukibonyeza, hakuna kitu. Fundi akaja, akaweka antivirus. Ikapekua humo ndani mpaka chai yangu ikapoa, kisha ikatoa alama ya kijani: safi. Tukafungua. Virusi hakuna. Folda ya mzee nayo hakuna.

"Bibi, dawa imefanya kazi," akasema fundi. "Ila faili zimeondoka na virusi. Tufute kila kitu, tupige window upya."

"Dawa gani inaua kupe pamoja na ng'ombe?"

"Kompyuta si ng'ombe, bibi."

"Ndiyo maana wewe huna hata ndama."

Wateja wakacheka. Mwanangu hakucheka. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma chetu, "watu wanaondoka. Baba tumeshamzika. Acha afute."

"Tulimzika mara moja," nikamwambia. "Wewe unataka umzike tena, kwa kidole."

Nikaagiza waya zichomolewe. Nikaifunga ile mashine kwa kitenge, nikapanda nayo bodaboda mpaka nyumbani. Mwanangu akanuna, akala ugali wangu bila kunitazama. Anune. Duka ni lake, mume alikuwa wangu.

Mwisho wa wiki akaja mjukuu yuleyule, binti wa mwanangu, anayesoma chuo Shinyanga mjini.

"Shikamoo bibi. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko chini ya kitanda."

Akaiunganisha, akabofya huku na huku, akageuka. "Bibi, hazijafutwa. Virusi vilizificha folda, vikaweka za bandia mahali pake. Antivirus imeua hizo za bandia. Zilizofichwa haikuzigusa, anatakiwa mtu wa kuzifichua."

Akazifichua. Mzee akaimba, akakohoa, akanigombeza. Mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaketi chini pale pale kizingitini.

Kwa hiyo msiniambie dawa ile ni ya uongo. Inaua adui, tena vizuri. Lakini haijui wewe umepoteza nini, na fundi mvivu akiona kijani anadhani kazi imekwisha. Ningemsikiliza, leo ningekuwa na mashine safi isiyo na mtu ndani.

Mwanangu akajifuta macho, akatoa flash mfukoni. "Tumnakili baba upesi, asipotee tena."

Nikamshika mkono kabla haijaingia. Flash hiyo ilikuwa imechomekwa dukani wakati wa ugonjwa, na dawa haijaipitia. Nimeogesha ng'ombe joshoni tangu utoto. Anatoka hana kupe, lakini ukimrudisha kwenye boma lilelile lenye kupe, umemwogesha bure.

"Mayu, hii ni yangu mwenyewe."

"Na kupe wake ni wako mwenyewe."

Nikawaita wote waliokuwa uani, nikatandika mkeka. "Flash zote za nyumba hii, ya mfukoni, ya kabatini, ya mkoba wa chuo, ziletwe hapa sasa hivi. Zipite kwenye dawa moja moja, mbele ya macho yangu. Na atakayekuja na neno la kufuta, aanze kwa kuniomba mimi."