Mgongoni kwa Mkwe, Stesheni ya Mutshatsha

Mkwe wangu na mimi tuliheshimiana kwa kukwepana. Kwetu ndivyo ilivyo, na anayetaka kucheka acheke. Mwanamume aliyeoa binti yako hakukazii macho wala hali chakula mbele yako, na habari ya kukugusa haizungumzwi hata kwa utani. Alipokuja kunisalimia Mutshatsha alisimama nje ya mlango, akapiga makofi polepole, akaongea huku akitazama viatu vyake. Mimi nilijitanda kitenge, nikageukia ukuta, nikamjibu kupitia binti yangu aliyekaa katikati yetu. Tukikutana njiani, mmoja wetu alikata kona akaingia kwenye shamba la mihogo la mtu.

Niliupenda utaratibu huo. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, watoto wa watu wamenivuta nguo na kunipigia kelele masikioni mpaka nimestaafu. Kuwa na mtu mmoja duniani anayenipisha njia ilikuwa raha yangu, tena raha kubwa.

Kisha nikavunjika nyonga. Nilianguka kanisani, kwenye saruji yenye maji, mbele ya kwaya nzima, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo natembea kwa magongo mawili, na mwendo wangu unamchosha hata anayenitazama.

Stesheni yetu ilijengwa zamani, enzi za Wabelgiji, na nadhani wote walikuwa na miguu mirefu. Mahali pa kusubiri ni pa chini, karibu sawa na reli, na ngazi ya behewa inaanzia juu kiunoni. Mwenye afya anashika chuma na kujivuta. Mimi nilipakiwa na vijana wa makala, wale wanaobeba magunia ya mkaa: wawili wananisukuma kutoka chini, mmoja ananivuta kutoka ndani. Wote walipitia darasani kwangu. "Mwalimu, ujikaze!" walikuwa wananiambia, maneno yangu mwenyewe, na kitenge changu kikafika Kolwezi kimejaa alama za vidole vyeusi. Niliona aibu hiyo mara mbili, tatu, nikaacha kusafiri. Pikipiki siwezi kwa sababu ya nyonga, na lori ni baya zaidi.

Ningekaa hivyo hivyo hadi mwisho, kama binti yangu asingepata mimba. Walikuwa wamengoja mtoto kwa miaka, na watu walishaanza kumpa majina. Aliniomba niwe pale kwao Kolwezi atakapojifungua. Mama gani anakataa?

Wakati huohuo ikaja habari kwamba kuna fedha za msaada kutoka nje za kurekebisha stesheni za zamani, watu kama mimi waweze kupanda kwa mteremko wa saruji badala ya kupandishwa kama mzigo. Ofisi inayotengeneza dosie, yaani faili la maombi, iko Kolwezi, na mkwe wangu ni karani humo. Stesheni aliyopewa aishughulikie ni yetu.

Alikuja pamoja na madame mmoja kutoka Lubumbashi, mkubwa wake, mtu mpole lakini mwenye kupenda karatasi kupita kiasi. Ilitakiwa hati ya ardhi. Ilitakiwa ramani ya jengo, nayo ilishaliwa na mchwa. Ulitakiwa muhtasari wa mkutano wa wakaaji, wenye sahihi za watu ambao nusu yao walikuwa shambani. Kilitakiwa cheti cha daktari cha kuthibitisha kwamba mimi ni kilema, kana kwamba magongo nimeyavaa kwa urembo. Na mwisho ikatakiwa picha ya msafiri mwenye shida akipanda treni, ionyeshe mahali pa kusubiri, mlango wa behewa, na mtu mwenyewe. Wako wengine kwetu wanaopanda kwa kutambaa, lakini mwenye cheti cha daktari pamoja na kadi ya mpiga kura nilikuwa mimi peke yangu. Nikakubali. Nilijiambia kwamba vijana wa makala watanipakia kama kawaida, na picha itaonyesha mgongo wangu tu. Mgongo hauna jina.

Siku ya safari ya kwenda kwa binti yangu, treni iliingia ikiwa na haraka isiyo desturi yake. Vijana wa makala wote walikuwa kwenye behewa la mwisho, kwa tajiri mmoja mwenye magunia mengi. Madame aliinua simu yake tayari. Mkwe wangu alisimama mbali, ameshika faili kifuani, anatazama upande mwingine kama inavyompasa. Niliwaita vijana, hawakusikia. Honi ikalia. Nikaita tena. Honi ya pili ikalia, na magurudumu yakaanza kunguruma.

Mkwe wangu aliweka faili chini, kwenye kokoto. Akaja mbio, akanipa mgongo, akachuchumaa.

"Mama, panda."

Nilitazama pembeni, nikasema na hewa, "Mumuambie aache treni iende."

"Bibi yangu, mutoto yako, eko nakungoya, Mama. Pardon. Panda."

Nikapanda. Sijui magongo niliyaachia nani. Kifua changu kilikuwa mgongoni kwake, mikono yake chini ya mapaja yangu, na kitenge kimepanda mahali ambapo kitenge hakiruhusiwi kupanda. Niliuficha uso shingoni mwake kama mtoto anayejifanya kulala. Jasho lake nililisikia puani. Wanawake wanaouza ndizi walisimama wote kwa pamoja, halafu mmoja akasema kwa sauti, "Yee! Si njo mukwe yake?" Simu ya madame ikapiga picha. Mkwe wangu akaniweka ndani sakafuni, akadandia nyuma yangu, akaenda kusimama behewa lingine. Mimi nililia mpaka Kolwezi, na jirani yangu wa kiti akafikiri nimefiwa.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Nilikaa kwao. Kwa desturi yetu, mpaka kama ule ukivukwa, mkwe huleta kuku na kitambaa cheupe, jambo linasemwa kuwa limekwisha. Alivileta. Binti yangu alivipokea kwa niaba yangu. Kuku tulimla, kitambaa nikakikunja, aibu haikutoka. Nikimsikia anafungua lango jioni, mapaja yalinichoma.

Jioni moja akaja akakaa nje ya mlango na karatasi. Picha imependwa sana, alisema, ndiyo hasa inayotakiwa. Sasa inatakiwa sahihi yangu ya kukubali itumike, na kuna mahali pa kuandika jina la mtu anayembeba msafiri na uhusiano wao. Alikuwa anaongea na viatu vyake, na binti yangu alirudia kila neno ingawa nilisikia vizuri.

"Umuambie Mama," alisema, "naweza kuandika porteur, mubeba mizigo tu, bantu basijue. Ao naweza kusema foto iliharibika. Lakini bila foto, dosie haitapokelewa, na siku ya kufunga iko karibu."

Nilitaka picha iharibike. Nasema wazi. Nilikuwa nimekaa pale na mjukuu mapajani, na moyoni nilitaka wale wanaotambaa waendelee kutambaa, mradi watu nisiowajua wasinione nikiwa mgongoni kwa mkwe wangu. Nilijisikia mbaya kuliko nilivyojisikia stesheni, kwa sababu pale nilishikwa na haraka, na hapa nilikuwa nimekaa tu, nimetulia.

Binti yangu hakunikemea. Aliuliza tu, "Mama, na huyu utakuya kumuona tena lini?"

Nilimtazama mtoto. Nilihesabu njia zote za kuja Kolwezi, nikakuta ni ileile moja, ya kupakiwa. Na hasira ikanipanda, maana hasira nikiwa nayo hufanya kazi vizuri kuliko busara. Kama ni kusaini, basi sisaini uongo. Nimewachapa watoto wa watu kwa kosa la kusema uongo.

"Umuambie aandike beau-fils, mukwe," nilisema.

Nikasaini. Yeye akaandika taratibu, kalamu ikitoboa karatasi, na karatasi ikagongwa mihuri.

Nilidhani tumemaliza. Dosie ikarudi. Madame alinipigia simu mwenyewe, akaomba radhi kwa Kifaransa kizuri. Picha haifai: uso wa msafiri hauonekani, na lazima ulingane na ule wa kwenye kadi. Nikamwambia vizuri, tutapiga nyingine na vijana wa makala. Nikamsikia akifunua karatasi.

"Mama, haiwezekane. Juu ya karatasi tuliandika beau-fils. Mutu wa mu foto, inapashwa akuwe yeye."

Kama ningemwacha mkwe wangu aandike porteur, kijana yeyote mwenye mgongo angetosha. Nilijifanya mkweli, na ukweli ukanirudisha kwenye ule mgongo.

Tulirudi Mutshatsha kwa treni, mkwe wangu na madame behewa moja, mimi behewa lingine. Vijana wa makala walinishusha. Nilitegemea tufanye haraka, honi ilie, nipate tena kisingizio cha haraka. Lakini kichwa cha treni kiliharibika palepale stesheni. Mafundi wakaingia chini yake. Abiria wote waliokuwa wakielekea Dilolo wakashuka kunyoosha miguu, na kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine, wakatutazama. Wauza ndizi walikuwepo. Wanakwaya wawili walikuwepo. Madame alipima kwa jicho, akanisogeza hatua moja ili mlango uonekane.

Mkwe wangu akaja, akageuka, akachuchumaa. Hakukuwa na treni ya kukimbilia wala mtoto wa kuzaliwa. Nilisimama na magongo yangu nikiona ninavyoweza kukataa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikampa madame magongo. Nikapanda.

"Mama, uso," alisema madame.

Shingo ya mkwe wangu ilikuwa pale karibu, mahali pazuri pa kujificha. Nikauinua uso.

"Très bien. Usifunge macho."

Nikayafungua. Niliwaona wote, mmoja mmoja, na wao waliniona mimi, mwalimu wao, mapaja mikononi mwa mume wa binti yangu. Mashavu yalinichemka. Ndipo nikahisi mgongo chini yangu unatetemeka, na haukuwa uzito, kwa kuwa yule ni mtu mwenye nguvu. Kidevu chake kilikuwa kimeshuka mpaka kifuani. Macho ameyafumba kabisa. Karatasi ilidai uso wangu tu. Wake haukuulizwa na mtu yeyote.

Binti yangu hakuwepo wa kunisemea. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, nilimwambia mimi mwenyewe, mdomo wangu karibu na sikio lake:

"Inua kichwa. Ile aibu ni yetu bawili."

Ilimchukua muda. Kisha akainua, akafungua macho, na madame akapiga picha.