Kimo cha Mto si Wingi wa Maji

Saa tatu kamili asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, nilisimama ukingoni mwa mto Matandu nikiwa na daftari jipya na viatu visivyofaa kwa tope. Mpima Maji wa Wilaya alinionyesha ubao wa kipimo: kipande cha chuma cheupe chenye namba nyeusi za sentimita, kimefungwa kwenye nguzo ya daraja. Kazi yangu ilikuwa kusoma maji yamefika namba ipi, kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi jioni.

"Mto hauna Ijumaa wala Jumapili," aliniambia. "Ukialikwa harusi, Bi Zainabu, waambie una mgonjwa."

Namba ile tuliiita kimo. Kimo peke yake hakisemi maji ni mengi kiasi gani. Ili kujua wingi, yaani mita za ujazo zinazopita kwa sekunde, tuliteremsha mita ya mkondo kutoka darajani. Hiyo ni pangaboi ndogo inayozungushwa na maji, nasi tunahesabu mizunguko. Baada ya vipimo vingi ofisi ilitengeneza jedwali: kimo hiki, wingi huu. Tangu hapo msomaji alitazama ubao, akafungua jedwali, akaandika. Nilikuwa nimeishia kidato cha nne. Hesabu za jedwali nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichochakaa cha ofisini, kwa miaka miwili.

Kwa sababu ya hesabu hizo Mhandisi wa Kanda alinihamishia Lindi. Nilipanga chumba Mitwero, nikawa nakagua daftari za wasomaji wa mito ya pwani. Nilimkamata mmoja aliyeandika kimo kilekile siku kumi na moja mfululizo. Alikuwa ameenda kuvuna ufuta. Baadaye Mhandisi akanipeleka mafunzo ya miezi sita katika nchi ya baridi.

Kule mto unaganda juu, maji yanapita chini yake. Mkufunzi wetu, mzee mrefu asiye na haraka, alitoboa barafu kwa keekee. Nikasoma kimo: kilikuwa kimepanda kuliko wiki iliyotangulia. Nikafungua jedwali, nikaandika kwamba maji yameongezeka. Alicheka mpaka akajifuta macho.

"Umepima barafu, dada, hujapima maji. Barafu inaubana mto, inayazuia maji kwa juu, kimo kinapanda huku maji yanapungua. Teremsha mita."

Nikateremsha. Maji yalikuwa yamepungua kweli.

Siku nyingine alitufungulia daftari zake za ujana. Zamani theluji ya milimani ilikaa mpaka joto likolee, ndipo ikayeyuka na kujaza mito wakati wakulima wako tayari. Sasa inayeyuka mapema, na mara nyingine mvua inanyesha mahali pa theluji katikati ya baridi. Mafuriko yanawahi, kisha kiangazi mto unabaki mwembamba. Barafu za kudumu za vileleni zinatoa maji mengi kwa muda, kwa sababu zinayeyuka na kwisha. Hata ardhi iliyoganda chini inalegea, hivyo baadhi ya mito hupitisha maji mengi zaidi wakati wa baridi kuliko ilivyokuwa.

"Majedwali yetu yaliandikwa enzi za baridi nyingine," alisema. "Mto umebadilika, karatasi haina habari."

Niliyaandika yote. Niliporudi nilipangiwa kusimamia kituo cha Matandu, nikaishi Nangurukuru. Kwenye vibanda vya chakula walinitania.

"Bi Zainabu kasomea barafu," alisema muuza chapati. "Huku barafu iko kwenye soda tu!"

Nilicheka nao. Nami niliamini kwamba somo lile lilikuwa la barafu.

Mvua zetu nazo zilikuwa zimebadilika. Mvua iliyozoea kuenea wiki nyingi sasa ilimwagika kwa siku chache. Maji ya kasi namna hiyo yalichimba chini ya daraja, na mchanga ukaenda kutua bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo darajani kimo kilionekana kidogo ilhali maji ni mengi, na bondeni mto haukuwa tena na kina cha kuyapokea. Mita ingenionyesha. Tulipaswa kuiteremsha kila mwezi wa masika, lakini mwaka ule nilimwambia Mhandisi kwamba jedwali linatosha.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akasaini.

Kwenye nguzo kulikuwa na mstari mwekundu. Maji yakiufikia, watu wa bondeni wanahama. Wakati wa masika wakulima wale hulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Asubuhi moja Bi Somoe, aliyelima huko na mumewe Mzee Ngwali, alipanda mpaka darajani kuniuliza.

"Mwanangu, mto unanguruma vibaya. Tuhame?"

Nikatazama ubao. Nikafungua jedwali.

"Bado, Bi Somoe. Mstari haujalowa."

"Haya. Basi mzee abaki na mpunga wake, mimi nakwenda kutafuta chumvi."

Saa tisa alasiri mto uliacha njia yake. Dungu lilipatikana siku ya pili, Mzee Ngwali siku ya tatu.

Msibani Bi Somoe alinishika mkono mbele ya wanawake wenzake. "Huyu hana kosa. Mstari nimeuona kwa macho yangu, haukulowa." Nikampa pole, nikaketi mkekani. Wiki iliyofuata niliteremsha mita: wingi ulikuwa karibu mara mbili ya jedwali. Nikaandaa jedwali jipya, nikashusha mstari, na sikuacha kupima hata mwezi mmoja mpaka nilipostaafu. Ofisi ilinisifu kwa bidii.

Siku hizi kimo kinakuja chenyewe kwenye simu. Aliyekalia kiti changu hunipigia.

"Shikamoo mama. Kazi imekuwa rahisi."

"Marahaba. Mita umeteremsha lini?"

Huniambia simu inatosha. Kwenu mnaoanza kazi hii, nasema hivi: jedwali ni kumbukumbu ya mto wa jana. Joto likiubadilisha mto, uwe wa theluji au wa mchanga, jedwali halitawaambia.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilikwenda kwa Bi Somoe. Nilimweleza bila kupunguza kitu: ubao niliusoma sawa, maji sikuyapima. Alisikiliza huku akipepeta mchele, mpaka ungo ukatulia mikononi mwake.

"Mwezi ule ungepima, ingegharimu nini?"

Nilikuwa najua. Mafuta ya pikipiki, na posho ya vibarua wawili wa kushika kamba.

"Shilingi elfu arobaini na mbili," nikamwambia.