Hata Owino Hawauzi Goti la Mtumba

Siku ile siisahau, Neema mwanangu. Nimelala katikati ya uwanja pale Kansanga, kijana mzima mwenye ndevu, nalia "Mama yangu!" na hakuna mtu amenigusa. Kipa wa timu ile ingine akauliza, "Mama yake yuko wapi, aje amnyonyeshe?" Uwanja wote kicheko. Mama mmoja aliyekuwa anauza chapati pembeni akaleta kisu, wakanichana suruali, wakakuta goti limefungwa mpira wa tairi, ile mipira ya kufungia mizigo kwa boda. Hapo wakaacha kucheka, wakanibeba.

Ngoja nikae kwanza. Goti hili likisikia mvua linaniamuru kama afande.

Lilikuwa limevimba siku nyingi. Kocha wetu, mzee aliyetoka polisi, alilibonyeza akasema, "Wewe, hili ni goti ama fenesi? Kaa nje." Nikasema sawa afande. Lakini Jumapili alikuwa anakuja mtu wa timu kubwa kutafuta winga, na winga ni nani kama si mimi? Nikapita kwa rafiki yangu Kasongo, Mkongo aliyekuwa anaziba tairi pale stendi ya boda. Alipogeuka, nikachukua ile mipira yake ya tairi. Nikakaza mpaka goti likafa ganzi, nikavaa suruali ndefu juu, nikamwambia kocha nimepona.

Na kweli, banange, jamani, maumivu hakuna! Nikajiona daktari, mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha. Mpira ukaja juu, nikaruka, nikatua na mguu umenyooka, goti likaingia ndani. Nikasikia "ko!" kama kuni kavu. Yule mtu wa timu kubwa akaondoka na winga wa wale wengine. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mama wa chapati.

Sasa jana nakuona na hiyo suruali nyeusi ya kubana, unatembea unachechemea kidogo. Nikauliza, ukanijibu, "Baba mkubwa, hii ni ya kisasa, inashika goti." Mwanangu, nimechoka. Haya nimewaambia kaka zako mpaka mdomo umeota sugu.

Kuivaa sikukatazi. Inapasha misuli joto, inakushika vizuri. Lakini ikikubana mpaka vidole vinakufa ganzi, vua. Na nguo haina nguvu ya kukubeba. Goti linabebwa na mapaja na makalio yako mwenyewe, uyafanyishe mazoezi. Ukiruka, tua umekunja magoti, yaangalie mbele, yasibusiane. Likivimba, usilifunike: mwambie kocha, nenda kwa daktari. Mechi yenu ya Bukoto Jumamosi itapita, itakuja ingine. Goti la mtumba hata pale soko la Owino hawauzi.

Mungu akulindie miguu, ikufikishe uzeeni, uwe unapanda kilima cha Lubaga kwenda misa bila kushika kuta za watu kama mimi.

Kasongo alikuja kuniona hospitali, mguu wangu umefungwa plasta kama nguzo. Nikajua amefuata mipira yake. Akaangalia mguu, akakaa kitandani.

"Ndugu, tairi ikitoboka, umewahi kuniona naifunga kamba kwa nje namwambia mtu aende?" Akaigonga plasta kwa kidole. "Ungeniambia goti linauma. Tungekaa nje wote wawili, tunawacheka wanaokimbia."