Usipa wa Boksi

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba sitamharibia soko. Tulikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mbele ya chanja zake za kuanikia usipa, wale dagaa wetu wadogo, nami nilikuwa nimemaliza kumweleza nilichojifunza chuoni kuhusu maboksi anayofungashia.

Boksi, nilimwambia, mara nyingi hutengenezwa kwa karatasi kuukuu zilizokwisha kuchapwa. Mafuta ya wino hubaki humo, hugeuka mvuke polepole na kuingia katika chakula kikavu, hasa chenye mafuta kama samaki. Hayaonekani, na mfuko mwembamba wa nailoni hauyazuii.

"Na cheti chako si karatasi?" aliuliza, akigeuza usipa. "Kakitoe ukutani basi, kisije kikakuua."

"Shangazi, cheti sikili."

"Hata kazi hakijakupa." Alicheka, akaendelea kugeuza usipa. "Baba, wateja wa Mbinga hawataki gunia. Wanasema usipa wa gunia una mchanga. Wanataka wa boksi."

Alisema kweli. Zamani usipa ulianikwa chini, mchangani, na neno likabaki huko Mbinga milimani: wa boksi maana yake safi. Siku hizi shangazi anakausha juu ya chanja, mchanga haupo, lakini wateja bado huinamia boksi, hunusa ile harufu ya wino na kusema, "Huu mpya."

Kilichonisumbua zaidi ni chenga. Usipa mzima ukiisha kuuzwa, shangazi hukung'uta vumbi la samaki lililolala chini ya boksi kwa majuma, hulisaga na kulitia katika uji wa mjukuu wake, mtoto anayeanza tu kutembea. Sikuwa na kipimo cha kumwonyesha. Sikuweza kusema kwamba mtoto ataugua. Niliweza tu kusema kwamba baadhi ya mafuta hayo ya wino yanawatia wataalamu hofu, na kwamba yeye ndiye mdogo kuliko sisi sote.

Aligeuza usipa hadi mwisho wa chanja.

"Usipa wa mtoto nitautenga hapa hapa, kabla ya kufungasha," alisema. "Hilo nakupa. Boksi siwezi. Boksi ni la wateja."

Basi nakuomba wewe mteja: ukifika sokoni Mbinga, usidai boksi. Ulizia usipa wa chanja, na uje na ndoo yako yenye mfuniko.