Mfagiaji Aliyeambiwa Amelala

Mwalimu wa kutafakari alimwambia mfagiaji, mbele ya wanafunzi wote, kwamba ukumbi wa Buddha si mahali pa kulala, nao wakacheka. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, macho kayafumba, akifuata pumzi yake kama alivyojifunza kwa miaka tisa akisikiliza mlangoni na tambara mkononi zile nguvu tano za mafundisho ya Buddha: imani, juhudi, uangalifu, utulivu, hekima. Vidole vyake vimechujuka kwa sabuni. Hufuta sakafu polepole, pumzi moja kwa kila mvuto wa tambara, na akili ikitoroka huirudisha bila kuigombeza. Tangu siku ile hutoroka mno, na kila akiifuata huikuta palepale, kwenye kile kicheko.

Leo amefika kwenye mkeka wa mwalimu. Mwalimu ameinua miguu ili mfagiaji apitishe tambara, macho yake hayajafumbuka.

"Mama, unasugua kwa hasira. Uvumilivu ni shamba, hulimwa."

"Langu nilishalima, mwalimu. Wewe ndiye uliyeingiza mbuzi."

Mwalimu akatabasamu, kama mtu aliyepata la kwenda kusimulia darasani. Bado hajamwomba radhi, na radhi hiyo ni deni la mwalimu, tena si hapa pembeni, bali mbele ya walewale waliocheka.