Tairi Pana na Unga wa Mama

Kaka yangu huchagua tairi kama watu wanavyochagua viatu vya Idi: kwa macho, na kwa kufikiria nani atamwona. Mimi nilikuwa na karatasi. Nilikaa nayo wiki tatu, nikiandika na kufuta namba za tairi: upana wake, kimo cha ubavu wake, na inchi za rimu inayokaa ndani. Gari letu dogo, jeupe, kuukuu, lilikuwa na matairi membamba ya inchi kumi na nne. Kwa kwenda sokoni yanatosha. Kwa kukata kona kwa kasi yanateleza kama sabuni bafuni.

Kuna siku moja kwa mwaka ambapo uwanja wa mbio ulioko bara, nje ya mji, hufunguliwa kwa watu wa kawaida na magari yao wenyewe. Siku hiyo niliingoja kama mtu angojavyo mgeni wake. Kisiwani kwetu ukimaliza kupisha mkokoteni mmoja wakutana na mwingine, na mimi nilitaka, mara moja tu, kuendesha mahali ambapo hakuna wa kumpisha. Mwaka uliopita nilikosa kwa sababu kaka alikata springi ili gari liiname lipendeze, na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka kwenye tuta la kwanza. Mwaka huu jina lililoandikishwa lilikuwa langu peke yangu. Wakaguzi walisisitiza sharti moja: tairi lisiguse bodi popote. Likigusa, warudi nyumbani.

"Inchi kumi na saba," kaka alisema Alhamisi asubuhi, tukienda kwa fundi upande wa Kibarani. "Zitajaza madigadi. Gari litasimama kiume."

"Litasimama kweli, kwa sababu halitakwenda. Rimu kubwa ni nzito, kaka, na injini yetu ni kama ya mashine ya kufulia."

"Wewe wasoma sana. Ndiyo maana huna raha."

Fundi alikuwa mtu wa bara aliyekuja zamani kufanya kazi reli, akaishia kuuza rimu zilizotumika Japani. Alizitundika ukutani kama sinia za shughuli. Alituacha tugombane mpaka akamaliza chai yake.

"Madam ana haki," alisema mwishowe. "Kumi na saba weka siku ya harusi. Ya kukimbia ni kumi na tano."

Nilimtazama kaka. Kaka alitazama bahari.

Lakini rimu za inchi kumi na tano alizokuwa nazo fundi zilivishwa matairi ya upana wa milimita mia mbili na tano. Karatasi yangu ilisema mia moja tisini na tano, na hayo hakuwa nayo. "Haya yanaweza kuingia, na yanaweza kukwaruza," alisema. "Tena rimu yenyewe imetokeza nje kidogo." Akatufundisha jinsi ya kujua. Tuchukue mawili, tuyafunge nyuma. Tutafute udongo laini ule wa watoto kuchezea, tuubandike ndani ya madigadi, juu ya tairi, kisha tuzunguke tukipanda matuta. Tairi likiruka litaubana udongo, na unene utakaobaki ndiyo nafasi tuliyo nayo. "Ukibaki chini ya kidole kimoja, nirudishieni."

Udongo huo hatukuwa nao. Nilisema twende dukani. Kaka alisema, "Kwani unga una nini?" na kabla sijajibu alishaegesha gari mdomoni mwa kichochoro chetu, akapanda ngazi, akateremka na bakuli. Mama alikuwa ametoka kukanda unga wa mahamri.

Sauti yake ilitufuata kutoka dirishani. "Unga wangu wapelekwa wapi?"

"Kidogo tu mama! Ni wa sayansi!"

"Sayansi haina unga wake?"

Tuliubandika. Nakiri kwamba nilifurahi: harufu ya iliki na tui la nazi juu ya mpira mweusi, chini ya bati lililojaa vumbi la miaka. Tukaenda Kizingo, ambako barabara ni tulivu na matuta hayana foleni, tukazunguka mara tatu. Hapo ndipo ningeteremka nikapima. Lakini kaka alimwona kwenye lango moja mtu aliyesoma naye, na salamu kwetu hazikatwi. Walijuliana hali, wakaulizana wazee, wakaulizana walioko Maskati, wakaulizana mpaka walio makaburini. Kisha ikaadhiniwa adhuhuri, wakaenda kuswali pamoja, wakarudi wakikumbushana mwalimu wa hesabu. Gari likakaa juani zaidi ya saa nzima, nami ndani yake nikiipepea karatasi yangu.

Aliporudi nilichoma unga kwa kijiti cha meno. Kidole kimoja na nusu.

"Si nilikwambia?" Kaka alicheza chakacha katikati ya barabara. Niliona kwamba unga umekuwa mwororo, umevimba, una vitundu vidogo vidogo. Niliona, nikasema moyoni ni joto. Hilo sitamlaumu mtu mwingine.

Ijumaa fundi akatufungia yote manne. Jumamosi alfajiri tukatoka na helmeti, kikapu cha chakula, na matairi yetu ya zamani nyuma, kwa sababu mama hakutaka kuyaona kwenye ngazi zake. Tulipovuka daraja kuingia bara, tukapanda tuta la kwanza. *Krrr.*

"Nini hicho?" niliuliza.

"Upepo."

Kwenye tuta la pili upepo ulinuka mpira. Nilisimamisha gari kando ya njia, nikachungulia. Begani mwa tairi la nyuma palikuwa na mstari unaong'aa, umechorwa na ukingo wa bati. Nafasi ya kidole kimoja na nusu haikuwapo. Pengine haikuwapo hata ya ukucha. Nikampigia mama.

"Mama, ule unga wa juzi ulikuwa na hamira?"

"Mahamri bila hamira ni mahamri gani?"

"Basi uliumuka."

"Unga hukandwa ili uumuke. Mlidhani utafanya nini, ukae ukiwangojea nyinyi?"

"Sasa mimi ningejuaje?" kaka alilalamika. Huyu ni mtu aliyekula mahamri matano kila asubuhi ya maisha yake.

Tuliendelea polepole kama tumebeba mayai. Uwanjani mkaguzi, bwana mwembamba mwenye tochi, aliwaita wanaume wawili wazito wakae juu ya buti, akapitisha mkono juu ya kila tairi. Mkono ulipita mbele. Nyuma haukupita.

"Mbele sawa. Nyuma hapana. Mna mengine?"

"Tunayo," nilisema.

"Hatuna," alisema kaka, kwa pumzi ileile. Kisha akanivuta kando. "Wataka gari livae viatu mbele na ndara nyuma? Mbele za watu wote hawa? Afadhali turudi nyumbani."

Nilimtazama. Mwaka mzima ulipita machoni pangu, pamoja na springi zilizokatwa, na sampu, na salamu za Kizingo.

"Rudi wewe," nilimwambia. "Ufunguo ninao mimi."

Nilitoa jeki, nikafungua nati moja moja. Zilikazwa na mtu mwenye mikono yenye nguvu kuliko yangu, ikabidi nisimame juu ya spana kwa miguu yote miwili. Kaka alikwenda kusimama karibu na gari la watu wengine, lenye rimu za kumeta, akaegemea kana kwamba ni lake. Nilipomaliza, mkaguzi alirudi, akapima tairi pana kwa jicho, akapima jembamba.

"Kimo kinakaribiana, nakuruhusu. Lakini mbele kunashika na nyuma hakushiki. Usikanyage breki katikati ya kona, utapitwa na mkia wako mwenyewe. Umenisikia, dada?"

Nilimsikia. Mzunguko wa kwanza kati ya kumi niliyopewa nilimtii, na wa pili. Lami ilikuwa tupu mbele yangu, nyeusi, pana, haina mtu wala punda, na kwenye kona ndefu nilihisi matairi ya mbele yakiishika ardhi kama mkono unaoshika mkono. Nikasahau kwamba nina mkia. Mzunguko wa tatu kona ilinijia kwa haraka kuliko nilivyofikiri, mguu ukaenda wenyewe kwenye breki, na dunia ikageuka.

Injini ilizimika. Nilikuwa katikati ya lami, nimeelekea nilikotoka. Nyuma ya uzio kaka alishika kichwa kwa mikono miwili, akipiga kelele nisizozisikia, na mtu wa bendera alikuwa akinitazama tu, akingoja kujua nitafanya nini.

Niliwasha. Mizunguko saba ilikuwa imebaki.